Kibara

Kibara ni uwanda wa juu katika Katanga ya zamani, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sehemu yake kubwa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939. Kutoka Kamina, makao makuu ya Haut-Lomami, msafiri huelekea mashariki, huvuka mto Lualaba na mabonde yake ya matete, kisha hupanda hadi zaidi ya mita 1,700.

Juu huko miti ni michache. Ni nyasi fupi na upepo tu. Nyika hizo za miinuko ya Katanga huitwa dilungu. Mimea mingi huficha mashina yake ardhini, na moto wa kiangazi ukishapita, maua huchipua kwenye majivu kabla ya mvua, jambo zuri kuliko yote hapa. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali. Mtembeaji anaweza kuona punda milia, kundi la mwisho la porini nchini.

Hatembei peke yake: askari wa hifadhi humsindikiza, na wenzao kadhaa wameuawa na wanamgambo wakiilinda Upemba.