Upepo wa tairi si upepo wa foki

Kama mmeona nimekuwa kimya, sababu si mtandao. Ni kifundo cha mkono. Nilianguka na baiskeli kwenye mteremko wa Kanyamwa, nikitoka Migori kupitia Ndhiwa kuelekea bonde la Lambwe, na kosa lilikuwa langu: foki ya mbele, ile ya upepo, nilikuwa nimeijaza ikawa ngumu kama jiwe. Tangu hapo nakaa na bandeji nikijiuliza tabia hiyo niliitoa wapi.

Niliitoa kwa Black Mamba. Mnaijua: nyeusi, magurudumu ya inchi 28, karibu kilo 20 kabla hujafunga gunia. Umbo lake ni la Uingereza, kisha zikaja nyingi kutoka India na Uchina. Foki yake ni chuma kitupu. Kinachomwokoa mpandaji ni springi za kiti na upepo wa tairi, kazi ya John Boyd Dunlop wa Belfast, 1888 (Robert Thomson alikuwa amesajili wazo hilo 1845, watu wakalisahau). Boda boda zilipoanza mpakani Busia miaka ya 1960 na kuenea hadi kwetu, kanuni ilikuwa moja: tairi ikilegea chini ya abiria, rimu inagonga jiwe na tyubu inapasuka. Jaza mpaka kidole kisibonyee. Serikali iliposamehe VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, pikipiki zilichukua kazi. Kanuni ikabaki vichwani mwetu.

Foki ya upepo ina ukoo mwingine. Paul Turner alitoka kwenye pikipiki za motokrosi, na mwaka 1989 akatoa RockShox RS-1, yenye hewa na mafuta ndani, ikicheza kama milimita 48 tu. Mwaka 1990 Greg Herbold aliitumia kushinda mbio za mteremko za ubingwa wa dunia huko Durango, Colorado. Mag 21 iliyofuata ilijazwa kwa sindano, kama mpira wa miguu! Hiyo ningeiweza.

Chumba cha hewa cha foki ni kidogo mno kikilinganishwa na tairi, kwa hiyo mkupuo mmoja wa pampu ya tairi hubadilisha presha pakubwa. Ndiyo maana foki ina pampu yake ndogo yenye geji. Ukikalia baiskeli, foki inatakiwa izame kama robo ya mchezo wake, ili gurudumu liweze pia kushuka kwenye shimo. Yangu haikuzama kabisa. Gurudumu liliruka jiwe hadi jiwe, na breki haina kazi hewani.

Jana nilipunguza upepo kidogo kidogo, nikikalia na kupima kwa rula: sentimita 2.5 kati ya 10. Fundi wa jirani akapita, akaibonyeza, akanihurumia.

"Omera, hii imeisha upepo. Leta nikuwekee."