Polisi Asiyepaza Sauti

Binamu yangu anaitwa Derrick. Kwenye ukoo wetu kuna kina Wafula, kina Barasa, kina Nekesa, halafu kuna yeye. Akiwa mdogo alidhani ni jina la mtakatifu fulani. Wapi! Ni jina la polisi wa Ujerumani, tena polisi wa kuigiza kwenye TV, na aliyempa ni baba yake. Huyo baba mkubwa wangu naye alikuwa polisi, ila yeye wa kweli, hapa hapa Kenya, kutoka 1979 hadi alipostaafu 2004.

Mama mkubwa ndiye hunisimulia hayo mambo, maana mzee mwenyewe si mtu wa maneno. Anasema walikuwa na Greatwall ndogo, ile ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri ya gari. Betri ilipelekwa sokoni kuchajiwa na hakuna aliyeruhusiwa kuitumia ovyo, isije ikazima siku ya Derrick. Watoto wa majirani walikaa sakafuni. Waigizaji walikuwa Wajerumani waliotiliwa sauti za Kiingereza, kwa hivyo midomo ilimaliza kusema na sauti ikaendelea. Hakuna aliyejali. Mama mkubwa anasema mzee alikuwa akiangalia huku ameshika kikombe cha chai hadi chai inapoa. Alipenda kwamba yule polisi hapigi mtu na hapazi sauti. Anasimama tu karibu na mshukiwa, karibu kuliko inavyofaa, anamtazama kwa yale macho yenye mifuko chini, na anauliza swali lile lile mara ya pili.

Mimi nilikuja kuitazama nikiwa nimeshaacha chuo. Niliacha mwaka wa pili, kwa sababu za kawaida, karo na kiburi, na kwa miezi kadhaa nilikuwa na muda mwingi na bando kidogo. Nikaanza kutafuta vipindi vya zamani ili nijue binamu yangu alipewa jina la nani.

Kipindi cha kwanza cha Derrick kilionyeshwa Oktoba 1974 kwenye stesheni ya ZDF, na cha mwisho Oktoba 1998. Ni miaka 24, vipindi 281, na vyote viliandikwa na mtu mmoja, Herbert Reinecker. Hebu fikiria hilo. Siku hizi tamthilia moja inaandikwa na chumba kizima cha watu. Huyu aliketi peke yake na kuua Wajerumani kwa kalamu, kipindi baada ya kipindi, karibu robo karne. Mhusika mkuu, Stephan Derrick, aliigizwa na Horst Tappert, na msaidizi wake Harry Klein akaigizwa na Fritz Wepper. Harry huyo alihamia hapo kutoka tamthilia nyingine ya Reinecker, Der Kommissar, kama askari anayepewa uhamisho. Ndiye huendesha gari. Wajerumani hadi leo wakitaka kumchekesha mtu humwambia "Harry, leta gari", ingawa Derrick hakuwahi kuyasema maneno hayo hivyo hasa wanavyoyasema wao.

Tamthilia yenyewe, tusidanganyane, ni ya polepole. Risasi ni chache. Hakuna kuruka juu ya mapaa. Vipindi vya mwanzo vilikuonyesha muuaji mapema, kama Columbo wa Wamarekani, halafu ukabaki kuangalia jinsi atakavyonaswa. Baadaye hata hilo likapungua, ikawa mazungumzo tu. Tunaingia kwenye jumba kubwa München, tunamkuta tajiri fulani, daktari au mfanyabiashara, amekaa kwenye sofa na amebeba kitu moyoni. Derrick anakuja na suti yake na uso wa huzuni. Anauliza. Anaondoka. Anarudi. Mwisho mtu anavunjika mwenyewe na kusema yote, na Derrick hafurahi. Anaonekana kama mtu aliyepewa habari za msiba. Umberto Eco, yule msomi wa Italia, aliwahi kuandika insha nzima akijiuliza kwa nini watu wanapenda kitu cha kawaida namna hii. Lakini walikipenda. Kilionyeshwa katika nchi zaidi ya mia moja. Kwa watu wengi waliozijua sinema za vita tu, huyu ndiye Mjerumani wa kwanza kumwona akiwa mpole.

Nafikiri mzee alipenda hapo kwenye huzuni. Sijui. Nitarudi kwake.

Tappert alizaliwa mwaka 1923, mjini Elberfeld. Vita vilipokwisha alienda kuomba kazi ya uhasibu katika jumba la michezo ya kuigiza la Stendal, na huko huko akaishia jukwaani. Umaarufu mkubwa ulimjia mwaka 1966 alipoigiza kiongozi wa wezi katika filamu ya TV kuhusu ule wizi mkubwa wa treni Uingereza, yaani alianza kama mwizi kabla ya kuwa polisi. Jimbo la Bavaria lilimpa hata cheo cha heshima cha polisi. Alipoulizwa kuhusu vita alisema alikuwa mhudumu wa majeruhi. Alikufa Desemba 2008, mzee wa miaka 85, na magazeti yakamlilia.

Aprili 2013 mambo yakageuka. Mtafiti mmoja, Jörg Becker, alikuwa akichimba habari za mtu mwingine kabisa. Katika karatasi za kijeshi zilizohifadhiwa Berlin akakutana na jina la Horst Tappert. Machi 1943 Tappert alikuwa askari wa kawaida wa Waffen-SS, jeshi la chama cha Hitler lililokuwa kando ya jeshi la taifa. Kikosi chake kilikuwa chini ya divisheni iliyoitwa Totenkopf, fuvu la kichwa, ambayo wakati huo ilikuwa ikipigana na Wasovieti. Karatasi hizo hazielezi kama alijitolea au alisukumwa, wala hazimtaji katika mauaji yoyote.

Lakini jina la Totenkopf si jina la mchezo. Divisheni hiyo ilianzishwa mwaka 1939, na wengi wa askari wake wa kwanza walikuwa walinzi wa kambi za mateso. Kamanda wao, Theodor Eicke, ndiye aliyekuwa amesimamia kambi ya Dachau. Mwezi Mei 1940, kule Le Paradis nchini Ufaransa, askari wake waliwapanga mateka wa Kiingereza kando ya ukuta na kuua 97. Tappert hakuwepo bado, alikuwa mvulana wa miaka kumi na saba. Na hiyo Dachau iko wapi? Ni kama kilomita 20 kutoka München. Mji ambao Derrick alizunguka na BMW kwa miaka 24 akiuliza watu wanaficha nini.

ZDF ikaacha kurudia vipindi vyake. Waholanzi nao wakavitoa hewani. Bavaria ikaanza kufikiria kama kile cheo cha heshima kinaweza kunyang'anywa marehemu. Kuhusu Reinecker hakukuwa na siri mpya. Ilijulikana zamani kwamba kabla ya vita aliandikia magazeti ya vijana wa Hitler, kisha akawa mwandishi wa vita katika kikosi cha propaganda cha SS. Aliandika pia filamu ya Junge Adler ya mwaka 1944, ya kuwapa vijana moyo wa kuendelea na vita. Mwandishi alijulikana, tamthilia ikaendelea. Alipogundulika mwenye sura, ikazimwa. Hapo mimi huona kuna unafiki kidogo, kwani maneno yote yalikuwa ya nani?

Nilirudi kuvitazama vile vipindi nikiwa na habari hizi, na sasa siwezi kuviona kama zamani. Wale matajiri kwenye sofa ni watu wa miaka hamsini, sitini. Ukipiga hesabu, mwaka 1975 mtu wa miaka 55 alikuwa na 20 vita vilipokuwa vikipamba moto. Kila mmoja kwenye lile sebule, pamoja na Derrick mwenyewe, alikuwa mahali fulani mwaka 1943. Katika vipindi nilivyovitazama sijamsikia yeyote akiulizwa ni wapi. Wanaulizwa walikuwa wapi Jumanne usiku.

Wengine watasema haya ni ya Wajerumani, wao na vita vyao. Inawezekana. Ila mimi nina mzee nyumbani.

Desemba iliyopita nilienda Webuye na jioni nikamkuta amekaa nje na redio. Nikamwambia, "Baba mkubwa, unamkumbuka yule Derrick wa TV?" Akatabasamu. Nikamweleza yote, karatasi za Berlin, SS, kambi. Alinisikiliza bila kunikata.

"Na yeye mwenyewe alisema nini?"

"Alikuwa ameshakufa."

"Hakusema kabla?"

"Alisema alikuwa akitibu majeruhi."

Akapunguza redio. "Alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

Akakaa. Kisha akasema, "Mimi niliingia kazi na ishirini na moja."

Mzee alifanya kazi ya polisi miaka ya themanini yote na tisini yote. Tunajua miaka hiyo ilikuwa nini, wengine wetu tuliisoma shuleni nusu nusu na wengine wana wajomba ambao hawakurudi sawa. Sijawahi kumsikia akitaja kituo alichofanyia kazi, si mbele ya watoto wake wala mbele ya baba. Pale nje, giza likiingia, nilijua kabisa Derrick angefanya nini. Angesogea karibu. Angeuliza tena.

Sikuuliza. Nilimuuliza kama angependa kuona kipindi kimoja kwenye simu, nilikuwa nimekidaunlodi. Akatafuta miwani. Tulitazama simu ikiwa imeegemezwa kwenye kikombe, na baada ya dakika chache akasema, "Kumbe gari lilikuwa la rangi hiyo." Mama mkubwa alituita tule mara mbili. Betri ilikuwa imebaki asilimia tisa Harry alipotoka kwenda kwenye gari.