Mtumbwi, Bidoni na Pipa: Historia ya Pombe ya Nyumbani Mjini Goma

1.0 Utangulizi

Historia ya pombe katika Afrika ya Mashariki na ya Kati imeandikwa zaidi kutokana na kumbukumbu za aina mbili, yaani kumbukumbu za viwanda na kumbukumbu za sheria. Za kwanza huhesabu chupa na mapato. Za pili huhesabu marufuku na faini. Pombe iliyotengenezwa nyumbani haikuacha vitabu vya hesabu. Kwa hiyo katika maandishi hayo huonekana ama kama tatizo la kuondolewa, ama kama desturi ya zamani inayongojewa ife yenyewe.

Makala hii inafuata njia nyingine. Inachunguza vyombo: mtumbwi wa kukamulia ndizi, mtungi, kibuyu, mrija, bidoni na pipa. Hoja yake ni kwamba vyombo hivyo, pamoja na majina yake, vinaonyesha ufundi uliobadilika kila mara kufuatana na misukosuko ya mji wa Goma na wilaya zinazouzunguka. Aidha, inadai kuwa sheria za karne ya ishirini hazikuweza kuusimamia ufundi huo ipasavyo kwa sababu zilielekea kuziweka katika fungu moja kazi mbili zilizo tofauti kabisa: kuchachusha na kukeneka.

2.0 Mji wa mpakani

Goma iko kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, chini ya volkano ya Nyiragongo yenye urefu wa mita 3,470. Mwanzo wake ni kituo kidogo cha Wabelgiji kilichotazamana na kituo cha Wajerumani cha Kisenyi, mji ambao leo huitwa Gisenyi. Mwaka 1910 mataifa ya kikoloni yalikubaliana huko Brussels juu ya mpaka. Hata hivyo, migomba ilikuwa pande zote mbili za mpaka huo, na vivyo hivyo maarifa ya kukamua ndizi. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya Kibelgiji iliwahamishia Wanyarwanda wengi katika milima ya Masisi, na kwa njia hiyo mila za utengenezaji pombe za makundi mbalimbali zikazidi kukaribiana.

Lugha nayo inashuhudia mchanganyiko huo. Kiswahili kilifika mashariki ya Kongo pamoja na misafara ya karne ya kumi na tisa iliyopitia Maniema, kisha kikaenezwa na utawala, misheni na soko. Mnywaji wa Goma anayezungumza Kiswahili huita pombe ya ndizi kasiksi, lakini jirani yake mwenye asili ya Kinyarwanda huiita urwagwa. Kinywaji cha mtama huitwa musururu. Pombe kali ya kukeneka huitwa kanyanga, au lotoko, jina lililotoka katika Kilingala. Chombo cha kubebea ni bidoni, kutokana na Kifaransa. Msamiati wa kazi moja ya nyumbani umekusanya lugha za majirani, za jeshi na za mkoloni.

3.0 Ufundi wa kuchachusha

Katika Kiswahili cha pwani na cha bara kuna vitenzi vinavyotenganisha kazi za pombe. Tembo hugemwa, pombe ya nafaka hupikwa, ndizi hukamuliwa. Utengano huo si wa maneno tu, bali unafuata ukweli wa kazi yenyewe. Punje ya mtama ina wanga usioweza kuchachuka moja kwa moja. Ni lazima kwanza iloweshwe na kuota, ili vimeng'enya vya kimea vigeuze wanga kuwa sukari. Ndizi hujifanyia kazi hiyo inapoiva. Kwa sababu hiyo mtengenezaji wa kasiksi hahitaji kupika chochote. Anahitaji kuivisha, kukamua na kungoja.

Ndizi zilizokomaa hukatwa zikiwa mbichi, zikafukiwa shimoni pamoja na majani ya migomba na joto la moto, au zikatundikwa juu ya meko kwa siku kadhaa. Zikiiva humenywa na kutiwa katika mtumbwi, yaani gogo moja lililochongwa likawa kama hori refu. Humo hupondwa na kukandwa pamoja na majani magumu ya mwituni. Watu wengi hudhani kuwa majani hayo ni chujio tu. La hasha, kazi yake ya kwanza ni kuushika utomvu na nyuzinyuzi ili juisi itoke, kwani ndizi ikipondwa peke yake hugeuka kuwa uji mzito usiokamulika. Juisi inayopatikana huongezwa maji, kisha unga wa mtama uliokaangwa. Mtama huo hauletwi kwa ajili ya sukari. Hutia rangi, ladha na uzito, na huwa makazi ya chachu.

Baada ya hapo mtumbwi hufunikwa kwa majani ya migomba na kuwekwa mahali penye joto, mara nyingi ndani ya shimo lililopashwa moto. Sababu yake ni hali ya hewa. Usiku wa nyanda hizo za juu ni baridi, na chachu hulegea katika baridi. Shimo lenye joto linafanya kazi ambayo kiwandani hufanywa na mitambo ya kudhibiti joto. Baada ya siku mbili tatu pombe huwa tayari, na haikai muda mrefu: bakteria wanaotengeneza siki huanza kazi yao mara tu hewa inapoingia.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni chanzo cha chachu. Mtengenezaji haongezi hamira ya dukani. Chachu hutoka kwenye maganda ya ndizi, kwenye unga wa mtama na kwenye nyufa za mtumbwi wenyewe. Mtumbwi uliotumika miaka mingi huwa umehifadhi mbegu ya pombe zote zilizotangulia. Kwa hiyo haukuwa chombo tu. Ulikuwa pia urithi wa nyumba, na kuupoteza ni kupoteza sehemu ya ladha ya pombe ya nyumba hiyo.

Ufundi huu una ndugu wengi. Wahaya wa Kagera wana rubisi, ambayo nayo hukamuliwa ndizi na kutiwa mtama. Wachaga wa Kilimanjaro wana mbege, ambapo ndizi huchemshwa na kuchanganywa na kimea cha ulezi, na ukali wake hutiwa kwa gamba la mti wa msesewe. Tofauti hizo zinaonyesha kuwa kila jamii ilifikia suluhisho lake kwa matatizo yaleyale: sukari, chachu, joto na uchungu.

Mgawanyo wa kazi nao ulikuwa wazi. Katika sehemu nyingi za eneo la Maziwa Makuu, migomba na ukamuaji vilikuwa mikononi mwa wanaume, ilhali pombe ya nafaka ilikuwa ya wanawake. Mji uliubadilisha mpango huo. Pombe ilipokuwa bidhaa ya kuuzwa kwa kikombe, wanawake walichukua nafasi kubwa katika uuzaji wake, na fedha yake ikawa karo ya shule na kodi ya nyumba.

4.0 Pipa na sheria

Pombe kali ina historia nyingine. Kukeneka ni kukipasha moto kinywaji kilichochachuka, kuukusanya mvuke wake, na kuupoza ugeuke tena kuwa maji. Vyombo vyake vilitokana na mabaki ya uchumi wa kikoloni: pipa la mafuta, bomba la shaba, na hori la maji baridi ambamo bomba hupitishwa. Hakuna kiwanda kilichoviuza. Viliundwa na mafundi wa mtaani kwa kukata, kukunja na kuziba.

Sheria ziliitazama kazi hiyo mapema. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka eneo kubwa la Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na latitudo 22 kusini, chini ya masharti ya kuzuia au kutoza kodi pombe kali. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 uliongeza makali ya masharti hayo, ukiwemo upigaji marufuku wa kuzikeneka pombe katika maeneo husika. Lengo lililotajwa lilikuwa kuwalinda Waafrika, lakini Mzungu aliyeishi humohumo aliendelea kunywa konyaki yake.

Athari ya marufuku ilikuwa kuificha kazi. Fundi aliyejificha hakuweza kuchagua chombo kizuri, wala kufanya kazi polepole, wala kumwonyesha mwenzake alipokosea. Na katika kukeneka makosa ni ya hatari. Nyama ya tunda ina pektini, na kutokana nayo huzaliwa kiasi kidogo cha methanoli. Katika kasiksi kiasi hicho hakina madhara makubwa, lakini kukeneka hukikusanya. Pipa lililokuwa na kemikali na viungio vya risasi huongeza sumu nyingine. Mtu anayekamua ndizi katika mtumbwi hakabiliwi na hatari hizo. Hata hivyo, mbele ya askari na kasisi wote wawili mara nyingi waliitwa kwa jina moja: watengenezaji wa pombe haramu.

Nchi jirani nazo zilipambana na suala hili baada ya uhuru. Uganda ilijaribu katika miaka ya 1960 kuwapa wakenekaji leseni na kuielekeza enguli yao kiwandani, na hapo ndipo ilipotoka pombe ya chupa iitwayo waragi. Kenya iliipiga chang'aa marufuku kwa miongo kadhaa, kisha ikaihalalisha mwaka 2010 kwa masharti ya leseni na usafi. Matokeo hayakuwa mazuri kila mahali, lakini hatua hizo zilikubali angalau kwamba fundi asiyejificha ni rahisi zaidi kumfundisha.

5.0 Kiwanda na nyumba

Bia ya kiwanda ilikuja Kongo kwa kampuni iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1923, ambayo baadaye iliitwa Bralima, na bia yake ya Primus. Kwa wakazi wa Goma kiwanda cha karibu zaidi kilikuwa ng'ambo ya mpaka. Bralirwa, iliyoanzishwa mwaka 1957, ilijenga kiwanda chake kando ya ziwa karibu na Gisenyi, na kwa miaka mingi kilitumia gesi ya methani iliyotolewa katika maji ya Ziwa Kivu.

Kiwanda hakikuiua kasiksi. Chupa ikawa kinywaji cha mshahara na cha sherehe ya mjini. Bidoni ikabaki kinywaji cha kibarua na cha mahari. Uchumi wa Zaire ulipodhoofika baada ya utaifishaji wa mwaka 1973, na hasa baada ya uporaji wa miaka ya 1991 na 1993, mshahara ulikosa thamani na pombe ya nyumbani ikazidi kuwa tegemeo.

Hapa linganisho na nchi za Magharibi lina faida. Uingereza iliondoa leseni ya kutengeneza bia nyumbani mwaka 1963, na Marekani ikaihalalisha bia hiyo kwa sheria iliyotiwa sahihi mwaka 1978. Huko raia aliyechoshwa na ladha moja ya viwanda alianza kuunda mitambo yake mwenyewe kwa sufuria, mapipa na mabomba, na kazi yake ikaheshimiwa kuwa ufundi. Goma ilikuwa na ufundi huo kabla ya kiwanda na haikuuacha. Kilichokosekana ni heshima.

6.0 Misukosuko na mabadiliko ya vyombo

Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda, kiasi cha watu kukaribia milioni moja, waliingia Goma na pembezoni mwake katika muda wa siku chache. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena. Vita vya Masisi na Rutshuru viliwahamisha wakulima mara kwa mara.

Mtumbwi hauhamishiki. Ni mzito, na shimo lake halichimbiki juu ya mwamba wa lava. Ndiyo maana bidoni ya plastiki ilishika nafasi yake: ni nyepesi, hubebwa mgongoni au juu ya chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili ambao nao ni uundaji wa mafundi wa Kivu. Bidoni ina kasoro zake. Gesi ya uchachukaji isipopata pa kutokea huweza kuipasua, kwa hiyo kifuniko hulegezwa. Plastiki inayosafishwa haihifadhi chachu kama mbao, basi mtengenezaji hulazimika kubakiza machicha ya pombe iliyotangulia. Huo ni uvumbuzi, ingawa haukuandikwa popote.

Migomba nayo ilishambuliwa. Mnyauko unaoletwa na bakteria wa Xanthomonas uligunduliwa Masisi mwaka 2001. Wadudu huubeba kupitia ua dume, na panga la mkulima huuhamisha kutoka shina hadi shina. Aina ya ndizi za pombe iitwayo Pisang Awak huambukizwa kwa urahisi sana. Dawa yake si ya duka: ua dume hukatwa kwa kijiti chenye panda, panga hutakaswa kwa moto, na shina lenye ugonjwa huondolewa mapema.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, na mwezi uliofuata Bukavu. Juni mwaka huo kampuni ya Heineken, mmiliki wa Bralima, ilitangaza kuwa imepoteza udhibiti wa shughuli zake katika miji hiyo. Kiwanda kikubwa, chenye mitambo na mitaji, kilidhihirika kuwa kinaweza kutwaliwa kwa siku moja. Maarifa ya kukamua ndizi hayatwaliwi hivyo, lakini yanaweza kupotea kwa njia nyingine: mkulima akikosa shamba, mzee akifa kambini, kijana akifahamu pipa tu bila kuufahamu mtumbwi.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa mtumbwi, pipa na bidoni ni vyombo vya nyakati na mahitaji tofauti, na kwamba hatari ya kimojawapo haipaswi kubebeshwa vyote. Sera inayotenganisha kuchachusha na kukeneka ingemwacha mkamuaji wa ndizi afanye kazi yake mchana, na ingeelekeza nguvu zake kwenye pipa lenye sumu. Kwa upande wa taaluma ya Kiswahili, kazi iliyo wazi ni kukusanya msamiati wa ukamuaji kutoka Masisi, Rutshuru na Goma pamoja na maelezo ya kila chombo, maana kamusi zilizopo zimeegemea pwani. Wanaoyafahamu maneno hayo kwa mikono yao ni watu waliokwisha kuhama mara nyingi, na kila wanapohama huacha kitu nyuma.