Mbiu na Mwenye Mbiu: Habari za Sheria ya Utangazaji Katika Tanzania

Wahenga walisema ya kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Neno kutangaza latoka katika tangaa, yaani kuenea na kujulikana kwa watu. Lakini mbiu haikulizwa na kila apendaye: aliyeipiga alitumwa, na watu walikusanyika kwa kuwa walimjua aliyemtuma. Basi tukitaka kuzifahamu sheria za redio, yafaa tuanze na swali lile la kale: mwenye mbiu ni nani?

Katika Tanganyika redio ilianza mwaka wa 1951, ikaitwa Sauti ya Dar es Salaam, nayo ilikuwa kazi ya Serikali ya kikoloni. Mwaka wa 1956 ilikabidhiwa Shirika la Utangazaji Tanganyika, lililofuata mfano wa BBC, ambayo tangu mwaka wa 1927 huendeshwa kwa hati ya kifalme. Maana ya mfano huo ni hii: chombo ni mali ya umma, lakini wakuu wa Serikali wasiwe ndio wachaguao maneno ya kila siku.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1961 shirika liliendelea, bali mwaka wa 1965 lilivunjwa. Redio ikawekwa chini ya Wizara, ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Tusiwe wepesi wa kulaumu. Taifa lilikuwa changa, na wengi hawakujua kusoma. Kwao redio ilikuwa ndiyo kitabu. Mwaka wa 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapata milioni mbili walikusanyika kwa vikundi wakisikiliza mafundisho na kujadiliana. Hata hivyo, aliyetaka kuleta neno la kupinga hakuwa na mbiu nyingine ya kuazima.

Mlango ulifunguliwa kwa Sheria ya Huduma za Utangazaji, Namba 6 ya mwaka wa 1993. Sheria hiyo iliunda Tume ya Utangazaji, na watu binafsi wakaweza kuomba leseni. Mwaka uliofuata Radio One na ITV zilisikika. Mwaka wa 2003 ilitungwa sheria ya kuiunganisha Tume hiyo na ile ya mawasiliano ya simu, ikazaliwa Mamlaka ya Mawasiliano. Zanzibar ina sheria zake katika jambo hili.

Hapo twaona ya kuwa swali moja limekuwa mawili. Zamani tuliuliza nani ana mbiu. Sasa twauliza pia nani atoa ruhusa ya kuipiga, kwa maana mkono utoao leseni ndio uwezao kuiondoa.

Mwaka wa 2007 chombo cha Serikali kiligeuzwa tena kuwa shirika, yaani Shirika la Utangazaji Tanzania, na Mkurugenzi Mkuu wake huteuliwa na Rais. Jina la mwaka wa 1956 limerudi karibu lote. Lakini sisi tupendao maneno hatuna budi kukumbuka ya kuwa shirika ni ndugu wa kushiriki. Serikali na umma ni maneno mawili, wala si moja. Sheria yaweza kuandika jina kwa siku moja. Kuwashirikisha wasikilizaji ni kazi ya miaka, na kwa kazi hiyo mbiu itajulikana ni ya nani.