Kipaimara ni Neno la Kazi

Sisi Walutheri wa Arusha na Meru tumezoea kusema mtoto "amepata Kipaimara", kana kwamba ni cheti. Neno lenyewe lasema jingine. Limeundwa kama kipaza sauti au kifungua kinywa: ni kitu kipacho imara. "Imara" tuliipokea kutoka Kiarabu, na maana yafuata Kilatini, confirmatio, yaani kuthibitisha.

Kipacho imara ni nini basi? Si suti mpya wala pilau ya mchana (ingawa pilau hatuikatai). Luther hakuihesabu ibada hii kuwa sakramenti. Imara aliitafuta katika mafundisho. Mwaka 1529 aliandika Katekisimo Ndogo ili baba wa nyumba awafundishe watu wake. Imani hiyo ndiyo waliyoileta wamisionari wa Leipzig. Wawili wao, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri Oktoba 1896, wakiwa wamefika tu. Kazi ikaanza upya Nkoaranga mwaka 1902.

Leo tunampeleka mtoto mafundishoni, na jioni hakuna nyumbani anayemwuliza amefundishwa nini. Kitabu kile hakikuandikiwa mwinjilisti peke yake.