Gurudumu la Mbele

Kiti cha ami yangu kilikuja na kibandiko cha wafadhili mgongoni na magurudumu mawili madogo mbele, membamba kama ya kigari cha mtoto. Hakikumaliza mwezi. Pale Ndia Kuu, kabro zilipoachana, gurudumu la kulia lilinasa, kiti kikagota, naye akaenda na uso.

Fundi baiskeli wa mtaani alikipindua, akakitazama. "Ami, hiki ni kiti cha uwanja wa ndege. Sisi huku twaenda juu ya mawe."

Historia ya viti hivi huandikwa kwa majina ya mashirika. Sawa, yapo na yamefanya kazi: APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, kilianzishwa 1958, na karakana zake za Bombolulu, kule ng'ambo ya kisiwa, zikaanza 1969, mafundi wenyewe wakiwa watu wenye ulemavu. Lakini mie nilitaka kujua habari ya lile gurudumu.

Nikampata Ralf Hotchkiss, Mmarekani aliyepooza miguu kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966 akiwa mwanafunzi, akaanza kujitengenezea kiti chake mwenyewe. Mwaka 1980 alikwenda Nicaragua, akakuta vijana wanne wanatumia kiti kimoja kwa zamu. Kila kilipovunjika walikiunga wenyewe, na wakajua mengi ambayo viwanda havikuyajua. Aliyojifunza kwao na kwa mafundi wengine hakuyachukulia hataza, aliyetaka aliiga. Miongoni mwa matunda ya kazi hiyo ni gurudumu la mbele linaloitwa la Zimbabwe, kwa kuwa huko ndiko lilikobuniwa: pana, la mpira laini, lisilotiwa upepo. Jembamba huzama kwenye ufa. Pana hupita juu yake.

Fundi wetu hajapata kumsikia Hotchkiss. Alikata raba ya tairi kuukuu la gari, akaipanga tabaka kwa tabaka, akaibana kwa boliti. Alifanya hayo jioni, akishamaliza pancha za watu, na pesa aliyochukua ni ya boliti tu. La kwanza lilikuwa zito, likawa latikisika kama pangaboi bovu. Akalikata upya. Kisha akachomelea vyuma ili magurudumu ya mbele yasogee mbele zaidi, kiti kisipinduke kwenye mteremko wa kushukia Bandari ya Kale.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa ami haki ya kupata vifaa vya kumsaidia. (Haki ya kufika kila mahali, kwa kiasi cha kuridhisha, pia kimeitaja.)

Sasa ami hufika barazani kabla yangu. Magurudumu ya zamani bado yametundikwa kibandani kwa fundi. Juzi alikuja mama mmoja na kiti cha mwanawe, fundi akayateremsha amwonyeshe. "Yako ni kama haya?" Yalikuwa kama yale yale.