Mfalme aliyesamehe: hadithi za fumbo kutoka Kusadikika hadi Sagamoyo

Karama amesimama barazani mbele ya mfalme. Mshtaki wake ni Majivuno, waziri mwenye sauti kubwa kuliko wote katika nchi ya Kusadikika, na kosa lenyewe ni kwamba ameanzisha mafunzo ya uanasheria. Hakuiba wala hakumwaga damu. Amewafundisha raia namna ya kujitetea, na kwa hilo anatakiwa aadhibiwe.

Aliyemsimamisha hapo ni mwandishi Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga wa mwaka 1909, aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni tangu 1926, kwanza kwenye forodha huko Pangani. Kitabu chake, Kusadikika, kilichapishwa 1951. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, chama cha TANU kilikuwa bado hakijazaliwa, na Waafrika wachache waliokaa katika Baraza la Kutunga Sheria walikuwa wameteuliwa, hawakuchaguliwa na mtu. Karani wa serikali angesema wapi kwamba sheria za nchi zinawaonea wenyewe wenye nchi? Shaaban alijenga nchi nyingine huko angani, akayasema hayo humo.

Utetezi wa Karama ndio unaonifanya nikirudie kitabu hiki. Hakani shtaka, na wala hamtukani Majivuno. Anachofanya ni kusimulia, siku baada ya siku, habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Serikali iliwatuma pande nne za dunia, kisha mbinguni na ardhini, wakatafute mambo ya kuiendeleza nchi. Kila mmoja alipita katika taabu, akarudi na maarifa, na kila mmoja akaishia gerezani kwa sababu maarifa yale hayakuwapendeza wakubwa. Baraza linalomsikiliza Karama ni la utawala ule ule uliowafunga wajumbe. Kwa hiyo kila hadithi inapokwisha, wanaohukumu wanazidi kukaa mahali pa mshtakiwa, na Karama anazidi kuwa ndiye anayeuliza.

Mwishoni mfalme anashawishika. Karama anaachiwa, wajumbe wanatolewa kifungoni, na mashauri waliyoyaleta yanakubaliwa yatumike. Wako wahakiki waliouona mwisho huu kuwa mlaini mno, wakasema mwandishi aliogopa au aliota. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyeandika chini ya gavana mwaka 1951, akamwonyesha mtawala anayesikiliza hoja za mtawaliwa hadi mwisho kisha anabadilisha sheria, alikuwa anadai jambo zito sana. Ila ni kweli kwamba dai hilo lote limeegemea sikio la mfalme. Angeamua kuziba masikio, Karama angekufa na hoja zake. Msomaji aushike mwisho huu, maana walioandika fumbo la siasa baada ya Shaaban ni kama walipeana zamu ya kuuondoa.

Fumbo lenyewe lilikuwapo zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, aliwarushia maadui wa mji wake mashairi ya mafumbo enzi za ugomvi wa Wamazrui na Seyyid Said, na ngano za sungura na wakubwa wa mwituni ni za kale kuliko kalamu. Kilichokuwa kipya ni riwaya nzima kuibeba dola, pamoja na mawaziri wake, mahakama zake na magereza yake.

Halafu likaja fumbo la kigeni. Mwaka 1967 East African Publishing House ya Nairobi ilitoa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere wa Tanzania. George Orwell alikuwa amekimaliza kitabu hicho mwaka 1944, wachapishaji kadhaa wakakikataa kwa kuwa Urusi ya Stalin ilikuwa mshirika wa Uingereza vitani, kikatoka Agosti 1945. Lakini msomaji wa Kiswahili alikipata katika majira mengine kabisa. Tanganyika ilikuwa haijatimiza miaka 6 ya uhuru, Kenya haijatimiza 4, na mwezi Februari mwaka huo huo Azimio la Arusha lilikuwa limewakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa katika makampuni na kupangisha nyumba. Nchi ilikuwa imeandika amri zake ukutani, na hapa palikuwa na hadithi ya amri zilizoandikwa ukutani.

Katika hadithi hiyo kuna usiku mmoja ambao kila msomaji anaukumbuka. Wanyama wanasikia kishindo, wanatoka mbio, na chini ya ukuta wenye amri saba wanaikuta ngazi iliyovunjika vipande viwili. Kando yake amelala yule nguruwe msemaji wa wakubwa, na karibu naye kuna taa, brashi na kopo la rangi nyeupe lililopinduka. Ushahidi wote wa nani anayezibadilisha amri uko mbele yao. Mbwa wanamzunguka nguruwe na kumsindikiza kwake, na wanyama wanarudi kulala bila kuelewa, isipokuwa punda mzee, ambaye anaelewa na hasemi. Tangu niisome mara ya kwanza, anayenisumbua zaidi katika tukio hili ni punda.

Humo hakuna mfalme wa kusamehe. Hadithi inaisha wanyama wakichungulia dirishani, wasiweze tena kutofautisha uso wa nguruwe na uso wa binadamu. Na fumbo lilifika lilikokusudiwa na lisikokusudiwa: mwaka 1991 serikali ya Kenya ilizuia mchezo wa jukwaani uliotokana na kitabu hicho, ingawa mwandishi wake alikufa 1950 na hakuwa amemwandikia Mkenya yeyote.

Tanzania nayo ilimpata Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliandika Kaptula la Marx, ambamo Rais Kapera anavaa kaptula la Karl Marx linalompwaya na kuongoza safari ya kuitafuta nchi ya Usawa. Tamthilia hiyo ilikaa miaka mingi bila kuchapwa, ikatoka kitabu katika miaka ya 1990, ujamaa wenyewe ukiwa umekwisha kuwekwa kando.

Kisa cha Matigari kinapita hivyo vyote. Ngũgĩ wa Thiong'o alikiandika kwa Kigikuyu akiwa uhamishoni, kikachapishwa Kenya mwaka 1986. Kinamhusu mpigania uhuru anayetoka msituni na kuzunguka nchi akiuliza ukweli na haki viko wapi. Ngũgĩ amesimulia kwamba mapema 1987 taarifa za upelelezi zilieleza kuwa wakulima wanamzungumzia mtu anayeitwa Matigari, anayepita akidai haki, na amri ya kumkamata ikatolewa. Polisi walipogundua kuwa anaishi kitabuni tu, wakavivamia vitabu madukani. Miaka hiyo hiyo mwanasosholojia Katama Mkangi aliwekwa kizuizini, na alipotoka akaandika Walenisi, riwaya ya 1995 inayompeleka shujaa wake katika nchi ya mbali ambako watu wanaishi kwa usawa. Karama wa kitabuni alihukumiwa na baraza la kubuni. Mkangi alifungwa kwelikweli.

Leo fumbo hili liko darasani, na hapo nina lalamiko. Wanafunzi wengi wanakutana nalo kupitia mwongozo wa mtihani: Majivuno anawakilisha kiburi, nguruwe huyu anamwakilisha fulani, jibu limekwisha, alama mbili. Fumbo likigeuzwa orodha ya majibu linakufa, kwa sababu nguvu yake iko katika kumwacha msomaji amtafute mwenyewe mtu huyo katika kijiji chake, katika chama chake, hata katika kamati ya msikiti au kanisa lake.

Ndiyo maana ninampendekezea mwalimu yeyote akifundishe Kusadikika pamoja na Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea iliyotahiniwa katika mtihani wa KCSE wa Kenya kuanzia 2018. Huko Sagamoyo mtawala ni Majoka. Amelifunga soko ambako watu wanapata riziki, naye anakitaka kiwanja cha soko hilo. Tunu na Sudi wanampinga, na Tunu anaumizwa na wahuni wa mkubwa. Siku ya mwisho watu wanakusanyika, na Majoka anamwamuru Kingi, mkuu wa polisi, awapige risasi. Kingi anakataa. Weka mbele ya wanafunzi mfalme aliyekubali na polisi aliyekataa, kisha uwaulize ni kipi kati ya hivyo viwili wamekwisha kukiona kikitokea.